Mkono wa Kinanda

Mkono wa kulia alikuwa nao, ila haukumtii. Mguu wa upande huohuo aliukokota kama mtoto asiyetaka shule. Nusu ya mdomo hakuwa nayo, na upande uliolala ulivuja udenda mchana kutwa. Wateja hakuwa nao tena. Nani ampe kitambaa fundi cherehani wa mkono mmoja? Subira hakuwa nayo pia, lakini hiyo hakuwa nayo hata kabla ya kiharusi. Kubwa kuliko yote, hakuwa na sauti. Yeye ndiye mzee wa kanisa aliyeitwa Kinanda kwa jinsi alivyoomba: alianza chini, akapanda, akaizunguka dunia nzima, na waumini wakatoka wakisema leo tumeombewa.

Sasa neno moja alilivuta kama ndoo kisimani. Ndiyo maana alimwambia mkewe aandike barua kwa mchungaji, aliyekuwa safarini, kwamba anajiuzulu uzee wa kanisa. Barua ilikaa mezani, haijafungwa.

"Baba, ilale kwanza," mkewe alisema. "Barua si chai, haipoi."

Jioni hiyo akaja mke wa seremala. Mumewe alikuwa ameanguka kutoka paani, nyonga imevunjika, kesho anapasuliwa. Hofu ilikuwa imemshika, akataka mzee wa kanisa amwombee. Wazee wengine walikuwa wamefuatana na mchungaji.

"Mwambie... sipo," Kinanda alimnong'oneza mkewe.

"Shemeji, nakuona," alisema mke wa seremala.

Kinanda akaenda naye hospitali.

Kanisani kwao mzee humwombea mgonjwa akiwa amesimama, mkono wa kulia juu ya kichwa chake. Kinanda alisimama kwa kujishikiza kitandani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ukaning'inia. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mara ngapi alikuwa amehubiri habari za yule mtume aliyeomba aondolewe mwiba, akaambiwa neema inamtosha? Alizihubiri vizuri sana, kama mtu anayesifia dawa chungu anayokunywa jirani.

"Una nini, kaka?" seremala aliuliza.

"Mkono... haupandi."

Seremala aliutazama. Kisha akauchukua kwa mikono yake miwili, akaunyanyua, akauweka kichwani pake mwenyewe na kuushikilia usianguke.

"Haya. Omba."

"Bwana," alisema Kinanda. Akatafuta pa kupandia, hakupaona. "Maneno... sina. Mkono... sina. Huyu... wako. Na mimi." Tone la udenda likamwangukia seremala kwenye paji la uso. "Amina."



"Umenibatiza upya," seremala alisema, na hakujifuta. "Unajua, zile sala zako ndefu nilikuwa nafungua jicho moja kuona umefika wapi. Leo sikulifungua." Bado alikuwa ameushika ule mkono. "Tangu asubuhi natetemeka. Nilipoanza kuubeba huu mzigo wako nikasahau. Ni mzito, kaka. Unakula nini?"

Kinanda akarudi nyumbani akiukokota mguu. Alijua kilichoingia mle chumbani hakikutoka kwake. Yeye alikwenda mikono mitupu, na hata mkono wenyewe ulibebwa na mgonjwa. Miaka yote ile alikuwa amejaa mwenyewe mpaka mlangoni. Bwana angepitia wapi?

Asubuhi, seremala akiwa bado chumba cha upasuaji, Kinanda aliikunja ile barua ya kujiuzulu akaitia chini ya mguu wa cherehani unaoyumba. Kisha akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Mkewe alitaka kumsaidia, akamkatalia. Herufi zilitambaa kama sisimizi waliomwagiwa maji:

"Mchungaji, nipangie wagonjwa. Waambiwe mapema kuwa mkono wataninyanyulia wenyewe."

Mkewe akanyoosha mkono ailoweshe gundi ya bahasha kwa ulimi. Kinanda akaivuta bahasha kwake. Akaupitisha ukingo wa bahasha kwenye ule upande wa mdomo uliolala, ukalowa wote kwa mara moja.

"Leo udenda umepata kazi," alisema mkewe.

Kinanda akacheka kwa upande mmoja, akaikandamiza bahasha kwa ngumi mpaka ikashika. Wakatoka pamoja, polepole, hadi kwenye sanduku la posta, akaitumbukiza mwenyewe.