Neno la Siri Alilobaki Nalo Mugisha

Tangazo la kwanza kwenye barua pepe Agnetha alilifuta akicheka. La pili lilimtaja jina: "Dada Agnetha, tatizo la mumeo linatibika. Dawa zetu za asili zipo Bukoba mjini, tunaleta hadi kwenu Kishanda." Hapo damu ilimchemka. Alibonyeza pa kujiondoa, na kesho yake yakaja mawili.

Nani aliwaambia? Majibu ya vipimo vya Ildefons, mumewe, daktari aliyatuma kwenye barua pepe ya Agnetha, wakayasoma wawili tu, mlango umefungwa. Ildefons ndiye mtoto wa kwanza kwao, na kila sikukuu ukoo mzima unamuulizia mjukuu. Alimwapisha mkewe kwamba asijue mtu, hata mama yake mzazi. Agnetha akaapa.

Kumbe alikuwepo wa tatu, Mugisha, mwenye steshenari Muleba mjini. Ndiye aliyemfungulia barua pepe ile zamani za kuomba kazi, akamtungia na neno la siri, akabaki nalo. Nusu ya wilaya wamefunguliwa hivyo hivyo, na hakuna anayeona ajabu! Ufunguo wa nyumba mtu hampi hata shemeji yake, lakini barua zake zote anamwachia mtoa fotokopi.

Asubuhi ile Agnetha alikuta duka limejaa wateja.

"Mugisha, unasoma barua zangu?"

"Dada, taratibu. Naangaliaga tu kama kuna kazi imeingia, nikwambie."

"Na huyo muuza dawa?"

"Ni binamu yangu. Nilikuonea huruma."

"Huruma! Nilikuomba? Fungua hapa nibadilishe neno la siri. Na ugeukie huko!"

Mugisha aligeuka, aibu imemjaa usoni. Agnetha aliandika neno jipya, la kwake peke yake, akashusha pumzi.

"Ndiyo shukrani hiyo?" Mugisha alifoka. "Mume hazai, mtu anakutafutia dawa, unamdhalilisha mbele ya watu!"

Mama mmoja wa Kishanda, jirani yao kabisa, aliinamisha macho, akaingiza mkono mkobani kutafuta simu.

Agnetha alitamani kumrarua yule mwanamume, lakini hakuwa na muda huo. Alitoka barazani akampigia mumewe.

"Ildefons, usipokee simu ya mtu yeyote mpaka nifike. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu."

"Jambo gani tena? Niko shambani na baba, tunachuma kahawa. Ngoja kwanza, simu yake inaita."