Upepo Ndani ya Mluzi

"Toa huo upepo!"

"Hautoki."

"Kila kitu kwenye kompyuta kinatoka, Mama Pacha. Usinifanye mtoto mdogo."

"Ungekuwa mtoto mdogo ningekuchapa, mambo yakaisha."

Kaka yake alishusha pumzi, akautupia jicho mlango. Ulikuwa umegongomewa godoro kuukuu ili sauti isivuje, na nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mteja kutoka kampuni ya kubeti. Asubuhi ile kaka alikuwa amemsikilizisha mluzi mmoja ambao dada yake aliuunda ndani ya kompyuta, naye akaupenda papo hapo. Aliutaka ulie kwenye simu za watu kila wanapokosa, na chini yake yatokee maneno "Jaribu tena". Kilichomkera ni kimoja tu, ule upepo unaosikika ndani ya mluzi. Uondolewe, basi, wamalizane.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fotokopi, kuta zimebandikwa trei za mayai, feni inazimwa kila wakirekodi. Kompyuta ilikuwa ya kaka. Masikio yalikuwa ya dada. Kila aliyeingia alimwita kaka "Dairekta", na Mama Pacha, mwenye stashahada yake ya ufundi umeme, aliitwa "yule dada wa ndani". Mwenye punda husifiwa. Punda hupewa mzigo mwingine.

"Ulimpa bila kuniuliza," alisema.

"Nilimsikilizisha tu. Na mimi nilipousikia nikaujua mara moja. Ni mluzi wa mama. Si vizuri? Mama ataendelea kuishi."

"Kwenye simu za watu wanaoliwa hela."

"Haya, usiutoe. Nifundishe, nitautoa mwenyewe. Dakika kumi."

Mama Pacha alimtazama kama anavyomtazama mmoja wa mapacha wake akisema si yeye aliyevunja kikombe. Kisha akavuta kiti. "Kaa."

Alifungua sauti mpya, tupu, akabonyeza noti moja. Spika zikapiga kelele kama msumeno unaokata bati. Kaka akaziba masikio.

"Hii ndiyo mali ghafi. Sauti nene, sauti nyembamba, zote zimo humu, zinapiga kelele kwa pamoja. Programu hii haiongezi utamu. Inapunguza. Kazi yako ni kujua cha kuondoa."

"Kama kuchambua mchele."

"Kwenye mchele unatoa mawe. Hapa unatoa mchele wenyewe, mpaka ibaki punje unayoitaka. Hili ni chujio. Zungusha."

Kaka akazungusha kwa pupa. Sauti ikafifia mara moja, ikawa kama muziki wa jirani unaosikika ukutani.

"Taratibu, kwani unafungua soda? Umezuia sauti zote nyembamba. Sasa rudi kidogo. Hapo. Sauti iliyo pale pale mlangoni mwa chujio unaibana, unaibana, mpaka inaanza kupiga mluzi. Umesikia? Halafu huku chini unaiambia izaliweje na ifeje: iingie ghafla au polepole, ikae muda gani, izimike vipi."

"Kumbe si kazi kubwa."

"Miezi mitatu. Kila siku baada ya wewe kufunga ofisi na kwenda zako."

Akafungua sauti iliyoandikwa *Njooni*, akabonyeza.

Noti mbili. Ya kwanza chini, ya pili ikipanda na kuning'inia pale juu, kama mtu aliyeshika kiuno mlangoni. Utotoni mluzi ule ulikuwa ukivuka uwanja mzima, ukiwakuta popote walipo na magoti yao yenye vumbi.

"Alikuwa anatuita tukaoge," kaka alisema, akicheka kidogo.

"Na wewe ulikuwa wa mwisho kufika."

"Kila siku."

"Hukuacha hiyo tabia."

Kaka akajifanya hakusikia. "Sasa upepo uko wapi?"

"Huu hapa. Ni chanzo cha pili. Kelele tupu, kama redio isiyoshika stesheni, nimeipitisha kwenye chujio lile lile."

"Na ulikiweka cha nini? Mluzi wa mama ulikuwa safi kama glasi."

Mama Pacha akageuka kumtazama vizuri. Hakuwa anatania. Alikuwa hajui.

"Safi mpaka lini?"

"Siku zote."

"Miezi minne ya mwisho meno yalikuwa yamekwisha na midomo imekauka. Lakini kila ikifika saa kumi na moja jioni alijaribu, pale kitandani. Ikatoka pumzi, na ndani yake kauzi kembamba ka mluzi. Wauguzi walidhani anataka maji. Alikuwa anaita. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, kaka. Sasa alikuwa anamwita nani?"

Feni ilikuwa imezimwa. Mteja alikohoa nje.

"Nilikuwa safarini. Unajua."

"Najua. Ukarudi siku ya mazishi na miwani yako nyeusi."

"Mama Pacha, hayo yamepita. Huyu mtu hajui ni pumzi ya nani, wala hana haja ya kujua." Akainamia kioo, kidole kikifuata majina ya vitufe, kikasimama. "Si hiki hapa? Kitufe kimoja tu! Na uliniambia hautoki!"

"Kwenye kompyuta unatoka."

Kaka alikuwa ameshapeleka mkono kwenye mausi. Akaukuta wa dada umetangulia.

"Ngoja. Nitapunguza mimi. Si ndiyo kazi yangu?"

"Ahaa! Sasa unaongea kama mtu mzima."

Mama Pacha akaacha kitufe cha upepo kama kilivyo. Akashika kile cha sauti ya kwanza, ile ya msumeno iliyochujwa mpaka ikawa mluzi, akakishusha mpaka chini kabisa. Akabonyeza.

Pumzi ikapita chumbani. Ikaanza chini, ikajitahidi kupanda, ikakata.

"Umekosea," kaka akasema haraka. "Umetoa mluzi, umeacha uchafu."

"Sijakosea. Asiyekuwepo na lake halipo."

Akabofya kuhifadhi. Programu ikauliza: *Sauti yenye jina hili ipo. Ibadilishwe?* Hakuwa ameandika vipimo popote. Aliutafuta mluzi ule kwa sikio, akipapasa, na hakuwa na hakika kama angeupata tena. Mapacha wake hawakuwahi kumsikia bibi yao akiita, na sasa hawangemsikia. Kidole kilisita kidogo tu.

Akabofya *Ndiyo*, akafunga programu.

"Irudishe," kaka alisema. "Mdogo wangu. Irudishe."

Mama Pacha alikuwa ameshachukua mkoba. Akavuta mlango wenye godoro. Mteja akasimama, akitabasamu.

"Ingia, baba," Mama Pacha alimwambia. "Dairekta ameshajua kupunguza. Atakutengenezea mwenyewe."

Akapita katikati ya mashine za fotokopi, akatoka.