Mto Wenye Tundu

Kibao hakikuwa kwenye msumari wake. Fundi wa kola aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akautazama tena ukuta ule. Ukumbi mzima wa mafundi ulikuwa na kibao kimoja tu cha kwendea chooni, na wakati huo kilikuwa kwa mwenzake. Akabana mkojo. Alikuwa amebana tangu asubuhi.

Maumivu yalianzia pale nyuma ya korodani, yakapanda kinenani, yakashuka mapajani. Akajiegemeza upande mmoja wa benchi.

"Unaatamia nini, shemeji?" fundi wa mikono akauliza kutoka nyuma. Watu wakacheka.

Mama wa vifungo, jirani yake, hakucheka. Alikuwa na desturi ya kutega vitendawili ili siku isogee.

"Kitendawili."

"Tega," akajibu fundi kwa meno yaliyokazwa.

"Nimekikalia, nacho kinanila."

Jibu lilikuwa chini yao wote. Hakuna aliyelitaja.

Kwenye zahanati ya kiwanda hakuwahi kupimwa hata mkojo. Kila alipokwenda alichomwa sindano ya magonjwa ya zinaa, akaambiwa amlete mkewe naye achomwe. Mke alikwenda, akachomwa, akarudi nyumbani. Usiku ule alihamishia godoro lake kwa watoto. Hakugomba. Alipakua chakula, akakifunika, akaenda zake. Kuna siku fundi aliiona ile sahani iliyofunikwa ikimuuma kuliko kinena.

Mwishowe mkewe mwenyewe akasema waende hospitali kubwa, asikie kwa masikio yake. Daktari, dada mmoja asiye na haraka, akapima mkojo na damu, akakagua tezi dume, akabonyeza huku na kule mpaka fundi akashika ukingo wa kitanda.

"Mama, mumeo hana ugonjwa wa zinaa," akasema. "Misuli ya chini ya nyonga imekaza kama ngumi. Imesahau kufunguka."

Akawaeleza kwamba maumivu haya yana vyanzo vingi. Wengine huanza na maambukizi, yakapona, maumivu yakabaki. Kwa wengine ni mishipa ya fahamu, au wasiwasi, na mara nyingi mambo hayo huchanganyika. Sindano bila vijidudu hazingemsaidia. Akae kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ajifunze kupumua mpaka tumboni na kulegeza, amwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Asibane mkojo. Asikae muda mrefu. Ainuke kila mara. Ingechukua muda, lakini maumivu yangepungua.

"Ainuke," mke akarudia. "Kwa ruhusa ya nani, daktari?"

Daktari akaendelea kuandika.

Jioni ile godoro lilirudi mahali pake. Mke alichana blanketi kuukuu, akashona mto mnene wenye tundu katikati, mahali penye maumivu pasiguse kitu.

"Kalia huu, baba watoto," akasema, bila kumtazama usoni.

Kiwandani mto ulidumu mpaka saa ya chai. Msimamizi wa ukumbi aliuchomoa chini ya fundi, akapitisha ngumi kwenye tundu, ukumbi ukaangua kicheko. Fundi akaeleza kwa sauti ya chini maneno ya daktari, akaomba akalie mto wake na awe anasimama kidogo.

"Nikimruhusu mmoja kusimama, kesho wote mtasimama. Na kitambaa hiki ni cha nani?"

"Blanketi la nyumbani, bosi. Mke wangu ndiye—"

"Wezi wote wana wake."

Cherehani ya mama wa vifungo ikanyamaza. Msimamizi akamtazama mpaka ikalia tena.

Kesho yake msumari ulikuwa mtupu. Kibao kilikuwa mezani kwa msimamizi, karibu na kikombe chake, na msimamizi mwenyewe alikuwa ameketi juu ya mto wenye tundu, amejinyoosha.

Fundi wa kola akainua mkono.

"Mkeo ana mkono mzuri," msimamizi akasema. "Maliza hizo kwanza."

Akaushusha mkono, akavuta kola nyingine, akabana.