Hana Mzio

Programu ya hospitali ilikuwa kongwe, skrini nyeusi yenye herufi za kijani, lakini kazi iliifanya. Fundi wa kompyuta aliambiwa asiiguse ndani. Aivalishe tu sura ya kisasa, yenye rangi na vitufe vya kubonyeza. Fundi huyo, mwanamke, aliunganisha ya kale na mapya mpaka wauguzi wakamsifu, na kichwa kikamvimba kidogo.

Wiki hiyohiyo mama mkwe wake alilazwa, kidonda cha mguu kimetunga usaha. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda muuguzi alipokuja na sindano. Muuguzi akatazama skrini na kusoma: "Hana mzio wa dawa."

"Hiyo ni penisilini?" Fundi akauliza.

"Ndiyo, dada."

"Basi iweke chini. Huyu ikimwingia anavimba mpaka koo linaziba. Nani alimuuliza?"

"Sijui. Mimi nimesoma hapa."

Hapo Fundi akaelewa. Programu ya zamani, mgonjwa asipoulizwa, iliacha pale patupu, na muuguzi akiona patupu aliuliza. Sura mpya haikukubali patupu; kila ilipokutana napo iligoma. Basi yeye, na haraka zake, akaandika mstari mmoja: penye tupu, weka "Hana." Skrini ikatulia, naye akajiona bingwa. Bingwa wa kuziba mdomo wa anayeuliza!

Muuguzi alipokwenda kutafuta dawa nyingine, Fundi alimweleza mama mkwe yote kwa sauti ya chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, mama."

"Basi funga mdomo, mwanangu. Karekebishe kimyakimya. Kwani kazi siku hizi zinaokotwa? Mimi si mzima?"

Ushauri ulikuwa mtamu, tusidanganyane. Kuufuta ule mstari kulikuwa kazi ndogo. Ila kuufuta kusingemtoa mtu dawa iliyokwisha kumwingia, na tangu skrini mpya iwashwe wodi zote zilikuwa zikidunga kwa kuisoma. Fundi aliona aibu, na aibu hiyo ilimlemea kuliko hofu ya kufukuzwa.

"Wewe ulikuwa na mimi hapa, mama," alisema. "Wale wagonjwa wengine wana nani?"

Mama mkwe aliuachia mkono wa Fundi aliokuwa ameushika.

Fundi akasimama katikati ya wodi. "Wauguzi, naomba mshushe sindano," akasema. "Skrini inasema uongo, na uongo huo nimeuandika mimi. Muulizeni kila mgonjwa upya, na mziambie wodi zote."

Wote wakamgeukia, isipokuwa mmoja kwenye kitanda cha mwisho. Huyo alikuwa ameshachomoa sindano, anabonyeza pamba kwenye mkono wa kijana mmoja. Fundi akaenda mbio.

"Kaka, dawa hii imewahi kukudhuru?"

"Sijui," kijana akasema. "Ndiyo mara yangu ya kwanza."

Fundi akavuta kiti, akaketi, akawa anaitazama shingo ya kijana.