Tairi Nililolichana kwa Ndani

Mashine yangu ya kubadilishia tairi haina mota. Ni nguzo ya chuma niliyoifunga kwa boliti nne kwenye sakafu ya stoo, pamoja na mtaimbo mrefu wa kuzungusha kwa mikono. Nimeshawaambia watu kwamba niliitumia kuvua tairi la ndege, na rubani akavua kofia yake akanipa.

Asubuhi ile nilikuwa navalisha tairi jipya la mbele la gari la binti yangu. Mtaimbo uliteleza, ukauchana ukingo wa ndani, pale tairi linapokamata rimu. Niliziona nyuzi za ndani ya mpira. Nikaona haya, nikajaza upepo, nikalifunga gurudumu na kunyamaza.

Muda si mrefu binti yangu akawa anawafunga mikanda wanawe wawili kwa safari ya kilomita mia tatu.

"Usiende," nilimwambia. "Nimelichana tairi kwa ndani. Litapasuka njiani."

"Kama lile la ndege, Baba?"

"Mwanangu, hili ni kweli."

"Hata la rubani ulisema ni kweli." Akamgeukia mama yake. "Mama, mzee wako keshaanza."

Mke wangu akacheka, na binti yangu pia. Tairi lilikuwa limejaa, linang'aa, nani angeniamini?

Nilipiga magoti, nikafungua kifuniko cha valvu, nikang'oa kisindano cha ndani kinachozuia upepo. Upepo ulitoka kwa kelele, gari likainama. Binti yangu aliacha kucheka, akaninyooshea mkono nimrudishie kisindano.

Nikakitia mdomoni, nikaufumba.