Anayekula Stima ya Tryphena

Taa za kwa Tryphena zilianza kusinzia kabla ya watu. Mwaka jana tu zilikuwa zikiwaka mpaka mwenyewe achoke, azizime, aende kulala. Sasa hata ugali haujaiva, taa ya jikoni imeshageuka rangi ya chai ya maziwa, na ile ya sebuleni inapepesa kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni. TV nayo ilizoea kukata roho katikati ya taarifa ya habari, na hapo ndipo Nashon, mumewe, hujipiga paja na kusema, "Kuna mtu anakula stima nyumba hii!"

Nyumba yenyewe iko Maungu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, mahali ambapo malori hayajui kulala. Tryphena ni Mtaita wa Chawia, kule milimani kwenye ukungu na ndizi. Aliolewa na Nashon, Mjaluo mfanyakazi wa reli, wakajenga hapa bondeni kwa sababu kiwanja kilikuwa kikubwa na Tryphena alitaka kufuga kuku. Walifunga sola, na baadaye Tryphena akanunua mashine ya kuangua mayai. Wakati huo mashine ilikuwa imejaa mayai ya kienyeji, na vifaranga walikuwa wamekaribia kutoka. Alikuwa akiichungulia kama mama mwenye mtoto mchanga, kila saa anashika kioo chake kuona kama bado kina joto, maana hata taa zikifa, yenyewe ilibakiwa na stima kidogo kupitia waya wake wa betri.

"Anayekula ni hiyo mashine yako, Mama Branice," Nashon alisema.

"Mashine ilikuwepo mwaka jana wote na hukuwahi kukaa gizani," Tryphena akamjibu. "Mimi naona anayekula ni mpira wako wa kwenye TV."

Lakini moyoni alikuwa na mshukiwa mwingine, tena mshukiwa asiyetajika. Mama mkwe wake, Mama Awuor, alikuwa amewatembelea kutoka Siaya, na amekuja na redio kubwa kama sanduku la nguo. Redio hiyo ilifungua mdomo alfajiri na majogoo, ikahubiri, ikaimba, ikatangaza matanga ya watu wasiowajua. Sasa utamwambiaje mama aliyekuzalia mume apunguze redio? Tryphena akabaki kuitupia redio jicho la pembeni, kama mtu aliyemwona mbuzi wa jirani karibu na mahindi yake.

Wiki iliyofuata Nashon alipangiwa zamu za jioni huko Voi, TV ikapumzika. Hata hivyo taa ziliendelea kufifia. Tryphena akazidi kuiangalia redio vibaya.

Jioni moja alitoka dukani na chakula cha kuku kichwani, akakuta nyumba kimya. Redio ilikuwa imefunikwa leso. Mama Awuor ameketi barazani, anachambua pojo kwa mwanga wa mwisho wa jua.

"Mama, redio imeharibika?"

"Haijaharibika, nyar Taita." Ndivyo alivyopenda kumwita, binti wa Taita. "Nimeizima. Nilimsikia mwanangu akisema stima haitoshi. Nikawaza, hawa vifaranga hawana mama wa kuwalalia, mama yao ni hiyo mashine. Mimi nyimbo nimesikia nyingi maishani. Masikio yangu yanaweza kungoja."

"Umeizima tangu lini?"

"Tangu Jumapili tulipotoka kanisani. Kwa makelele ya kuku wako hukugundua. Hata simu ninachaji kwa jirani."

Tryphena alishusha mzigo. Uso ulimwaka. Siku zote hizo yeye amekuwa akimhukumu mama wa watu moyoni, na mama wa watu amekaa kimya ili kuku wasiozaliwa wapate joto! Akaketi naye kwenye mkeka, akaanza kuchambua pojo, kumbe hata hazioni, anatupa nzima anabakisha mawe.

"Wewe, tutavunja meno," Mama Awuor akamwambia.

"Mama," Tryphena akasema polepole, "redio imezimwa. TV imezimwa. Na jana taa zilikufa mapema kuliko siku zote."

"Sasa?"

"Sasa hakuna mtu anayekula stima. Stima yenyewe haiingii!"

Kesho yake jua la Maungu likatoka kwa hasira, lile jua linalowafanya kuku watembee midomo wazi. Adhuhuri Tryphena akaenda kukiangalia kile kisanduku cha ukutani kinachoonyesha chaji. Saa kama hiyo, zamani, mistari yote ingekuwa imejaa. Leo ulikuwa umesimama mstari mmoja mwembamba, tena unawaka na kuzimika. Nje jua limemwagika uwanja mzima, ndani betri inalia njaa.

Akaondoa gunia lililofunika betri. Pale waya unapofungwa palikuwa pameota unga mweupe wenye ukijani, kama ukungu wa mkate uliosahauliwa. Hakuugusa. Akatoka nje, akarudi nyuma mpaka kwenye ua, akanyanyua macho juu ya mabati. Ile paneli aliyoikumbuka ikimetameta ilikuwa rangi ya barabara. Vumbi la malori lilikuwa limejitandika blanketi zima, na ndege nao wametia mapambo yao. Isitoshe, mwarobaini aliopanda Nashon, ule anaousifia kwa kila mgeni, ulikuwa umerefuka na kuinyooshea paneli tawi lake.

Akampigia simu Mutindi, fundi wa Voi aliyewafungia sola.

"Paneli uliosha lini, Mama Branice?"

"Kuosha? Kwani huoshwa?"

Mutindi alicheka mpaka Tryphena akasogeza simu mbali na sikio. "Hata sufuria huoshwa, dada yangu! Sikiliza. Usioshe sasa, kioo kimechemka, ukikimwagia maji baridi kinaweza kupasuka. Ngoja asubuhi. Maji matupu na kitambaa laini, usiniletee steelwool. Na betri, je, imevimba tumbo?"

"Haijavimba."

"Basi bado ina uhai. Usiiguse, kesho Jumamosi nakuja mwenyewe."

Jumamosi ilifika Nashon akiwa nyumbani. Alipanda ngazi kabla jua halijapata nguvu, huku Tryphena akimpandishia maji. Maji yaliteremka kwenye mabati yakiwa meusi kama chai ya strungi. Nashon alisugua taratibu, kisha kioo kikafunguka chini ya mkono wake, safi, anga lote likaonekana ndani yake.

"Mama Branice," aliita kutoka juu, sauti imepungua, "nadhani mpira wangu na mashine yako tumevisingizia."

"Na mti wako?"

Hapo ndipo palipokuwa na kesi. Nashon alidai kwamba tawi lile ni dogo na halina neno. Mutindi, aliyekuwa amewasili na begi lake la vifaa, akamwonyesha: kivuli kikiilalia kona moja tu, paneli nzima inazubaa. Nashon akaukata mkono wa mti wake akiugulia kana kwamba unakatwa wake. Mama Awuor akayakusanya majani upesi, akisema dawa ya bure haitupwi.

"Sasa nazima kila kitu," Mutindi akasema, "nisafishe vichwa vya betri na kukaza waya."

Tryphena alishtuka. "Na mashine?"

"Itapoa kidogo. Nitajitahidi kuwahi."

Kabla Tryphena hajaanza kulia, Mama Awuor alikuwa ameshaingia jikoni. Alitoka na chupa za maji ya moto, akazifunga leso moja moja, akazipanga kando ya mayai kwa uangalifu, kisha akaifunika mashine yote kwa blanketi lake la kulalia. Akapiga magoti pembeni, mkono mmoja ndani, anapima joto kama anayepima paji la mtoto mwenye homa.

Mutindi akasugua, akapaka grisi, akakaza. Nashon akawa anauliza maswali mpaka akaambiwa ashike tochi na afunge mdomo. Mara Mama Awuor akainua kidole.

"Nyamazeni."

Wakanyamaza. Lori likapita barabarani, likaenda zake. Kisha kutoka chini ya blanketi ikasikika sauti nyembamba, pii, pii, kutoka ndani ya yai ambalo hata ufa halikuwa nao. Tryphena akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Mama Awuor akamvuta, wakainamisha vichwa pamoja, sikio kwa sikio, wakicheka bila kutoa sauti wasije wakawatisha.

Mutindi alipowasha, kisanduku cha ukutani kikaanza kupanda mstari kwa mstari. Kufikia alasiri kilikuwa kimejaa pomoni. Na Jumapili, waliporudi kutoka kanisani, walikuta vifaranga wamejaa mashine, wengine wamekauka na kufura kama pamba, wengine bado wanapigana na maganda. Nashon aliwapigia makofi kana kwamba wamefunga bao.

Watu wakaja kutazama. Miongoni mwao alikuwa Rachel, jirani wa nyumba ya tatu, aliyeshika kifaranga kiganjani huku macho yake yana huzuni.

"Nyinyi mna raha," akasema. "Mimi na Elly tumenuniana wiki nzima. Taa zinakufa mapema, yeye ananiambia ni pasi yangu, mimi namwambia ni muziki wake."

Tryphena na mama mkwe wake wakatazamana. Mmoja alishika ngazi mbele, mwingine akaishika nyuma, wakatoka nayo uani, Rachel akiwafuata mbio na ndoo.

Elly alisikia kishindo juu ya nyumba yake, akatoka akiwa na kiatu kimoja. Akamkuta Tryphena yuko juu ya ngazi amejifunga leso kiunoni, anachora mstari kwa kidole kwenye vumbi la paneli, na chini yake Mama Awuor ameishikilia ngazi kwa mikono miwili.

"Baba," Mama Awuor akamwambia, "lete maji. Na ukipita hapo kwa mke wako, mwombe msamaha ukiwa njiani."