Sehemu Moja ya Norbert

Ijumaa za Kwaresima ukumbi wa parokia yetu, upande wa kusini wa mji wa Bay City, hunuka samaki wa kukaanga tangu saa kumi jioni. Lorraine Jablonski alipanga foleni, akanunua sahani mbili, akatandika leso kwenye kiti cha pembeni yake, na juu ya leso akaweka alichokuja nacho cha mumewe. Ijumaa hiyo kilikuwa mkono wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko, na sikio moja.

"Angalau leo umekuja na mkono, mzee," jirani yao Duane akaliambia sikio. "Wiki jana nimesalimiana na goti."

Mkono ukampiga konzi ya utani. Watu wakaendelea kula. Sahani ya pili Lorraine aliifunika aende nayo, maana mdomo ulibaki nyumbani.

Norbert mwenyewe, yaani sehemu zake nyingine zote, alikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na mashine ya kufulia, anacheza poka, karata za fedha, mtandaoni. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu kiwanda cha vipuri kifungwe. Wengine wetu tulikwenda kubeba mizigo ghalani, yeye akashuka ngazi.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa mtu wa kuingia na vyote. Jumapili moja mchana aliweka kwenye meza moja fedha yote ya nyumba, mashua ya kuvulia ikiwa imeshauzwa, na ada ya chuo ya binti yao Denise imo humo humo. Alikuwa na wafalme wawili mkononi na uhakika mwingi moyoni. Mtu asiyemjua, wa huko Detroit au popote pale, akafunua ree mbili, akazoa vyote.

Lorraine hakumfukuza. Alimwapisha tu.

"Ukicheza, cheza kwa akili," alimwambia. "Tenga mtaji wako kando. Mahali pamoja usiweke zaidi ya sehemu moja ya ishirini. Ukipoteza, unashuka meza ndogo, hujitutumui. Umenisikia?"

Norbert alisikia. Aliishika kanuni ile kama mtu anavyoshika ukingo wa ngazi gizani. Hakutajirika, lakini hakufilisika tena, na kwa mitaa yetu hilo si haba.

Ila kanuni ikishakaa na mtu miaka mingi haikubali kubaki kwenye karata. Siku ya kuzaliwa ya Denise lilipanda ngazi bega moja tu, wakalikatia keki. Krismasi ukaja mguu. Tulielewa. Mtu aliyewahi kupoteza vyote kwa mkupuo mmoja hawezi tena kujileta wote mahali pamoja. Daktari wake alipelekewa mgongo peke yake, akaupima, akasema uko sawa, upunguze chumvi.

Kisha moyo wa Lorraine ukaanza kumsumbua. Kilango kimoja kilikuwa hakifungi vizuri, ikabidi apasuliwe katika hospitali ya mji wa jirani, Saginaw. Alisimama juu ya ngazi, akashika fremu ya mlango.

"Norb, Jumanne nataka uje mzima."

"Mzima wote?"

"Wote. Na kichwa, na miguu, na hilo tumbo lako."

Kule chini kipanya cha kompyuta kikaacha kubofya.

"Lori, kukitokea jambo na mimi niko hapo wote, nitabaki na nini?"

"Kukitokea jambo ndo nataka uwepo."

Norbert akaanza kuhesabu sehemu zake. Hakuwa mtu mbaya, na alimpenda mkewe. Hilo nalisema wazi kwa sababu wapo wanaolitilia shaka.

"Nitaleta sehemu mbili," akasema. "Mbili ndiyo mwisho wangu tangu nilipopoteza vyote. Kwa ajili yako."

"Nimechoka, Norb," Lorraine akasema, wala hakupaza sauti. "Haya, lete mkono na mdomo."

Duane aliwaendesha. Wodini mkono ulimshika Lorraine kiganja, na mdomo ukalazwa juu ya mto, karibu na shavu lake.

"Naogopa," Lorraine akasema.

"Theluji imepungua barabarani," mdomo ukajibu. Masikio yalikuwa nyumbani.

"Nisipoamka, mwambie Denise nilimsamehe kitambo kwa kuhamia Lansing."

"Utapona tu. Nasikia supu ya hapa nzuri."

Lorraine alicheka kidogo, akaubana mkono, wauguzi wakamsukuma kwenda naye chumba cha upasuaji.

Hakuamka. Daktari aliuambia mdomo, mdomo ukamuuliza maegesho yanalipiwa wapi. Ikabidi muuguzi akae chini, aushike ule mkono kwa mikono yake miwili, kisha auwekee miwani ya Lorraine kiganjani. Mkono ukafumba. Mdomo bado ulikuwa unauliza maegesho.

Siku ya mazishi wote tulidhani sasa atakuja mzima. Duane alimshikia benchi zima la mbele. Lakini Norbert alikuwa amepata hasara kubwa kuliko zote za maisha yake, na baada ya hasara alifanya kile alichoapishwa kufanya: alishuka. Denise aliingia kanisani na kidole kimoja cha baba yake, cha mkono wa kushoto. Hakikuvaa pete ya ndoa, kwa sababu kuja na pete kungekuwa kupandisha dau. Padri alikinyunyizia maji ya baraka. Makaburini kulikuwa na baridi kali, Denise akakitia ndani ya glavu yake.

Baadaye tulimsindikiza Denise nyumbani, akasimama juu ya ngazi. Kilio kilichotoka kule chini kilikuwa cha mtu kamili, na sijawahi kusikia kinachouma kama kile.

"Baba, panda juu. Ni mimi tu."

"Nitapanda, mwanangu. Nimekuwa na wiki mbaya. Niache kwanza nijijenge, nirudi pale nilipokuwa."

"Ulipokuwa na nani, baba?"

Denise akakitoa kidole kwenye glavu. Akaweka kidole kwenye ngazi ya juu, na pembeni yake sahani ya soseji na kabichi, akawasha gari kurudi Lansing kabla theluji haijaanza.

Kidole kikateremka chenyewe, kikajirudishia mahali pake. Norbert akajikagua. Hakuna sehemu yake hata moja iliyopotea, na nyingi zilikuwa hazijatumika kabisa. Akafuta macho yote mawili, akatafuta meza ndogo kuliko zote, akakaa.